Kadi ya Mbula

Wazo la plastiki lilikuwa langu, na wakati huo nilijisifu. Mwaka wa 2003 kanisa letu la Tala lilianzisha ibada ya kuwakumbuka watoto waliofariki. Kila mama alipewa baluni ya gesi afunge kadi yenye jina la mwanawe, kisha airushe. Mimi nina duka la kupiga chapa. Nikasema mvua ya Aprili itafuta majina kabla hayajafika kwa Mungu, nikazitia kadi zote plastiki kwa mashine yangu. Nyuma tukaandika sanduku la posta la kanisa. Baluni ya mwanangu Mbula ilipaa, nikarudi nyumbani na moyo mwepesi. Tangu siku ile sikulitaja tena jina lake. Nilitaje ya nini, na limeshafika?

Mwaka uliofuata, wiki moja kabla ya ibada, pasta alinipa bahasha kutoka Mambrui, kule maji ya Mto Athi yanakoingia baharini. Mama mmoja, Kadzo, anayeokota taka ufuoni, alikuwa amekuta kasa amekufa. Walipompasua walikuta kipande cha baluni, uzi na kadi ya Mbula. “Nairudisha kwa sababu ina jina la mtu,” aliandika. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Hakuna herufi hata moja iliyofutika.

Siku hiyohiyo Syokau wa kanisani kwetu akaingia dukani. Alikuwa amemzika mtoto wake Februari.

“Mama Mbula, hii ni kadi ya Mwendwa wangu. Weka plastiki mbili, isiharibike.”

Mashine ilikuwa imeshapata moto. Ningeweza kunyamaza, na nilitamani sana kunyamaza. Nikaizima, nikampa barua ya Kadzo.

Alisoma mara mbili, akakasirika. “Wako ulimpeleka. Sasa wangu ndiye abaki?”

“Hakufika, Syokau. Kadi ilianguka mtoni, ikaenda kuua kiumbe cha Mungu.”

“Na Mungu atajuaje jina lake?”

Pasta ana majibu. Mimi nina mashine tu. Nikaishika kadi iliyorudi.

“Mbula,” nikasema. “Alipenda uji wa wimbi. Akishiba alikuwa anaimba.”

Nililia hapo hapo, mbele ya mteja.

Kadi thelathini za ibada zilikuwa mezani, za karatasi tu, zikingoja plastiki. Syokau alizisukuma kando, akavuta stuli, akaketi.

“Mwendwa,” akasema. “Alikuwa na miezi minne. Niambie tena ya Mbula.”