Buti Lifunguke Lenyewe

Nyimbo zilikatika ghafla, kama redio iliyochomolewa waya. Mashangazi wa bibi harusi walikuwa wamejipanga barazani, wanacheza na kupiga makofi, wanalingoja gauni litoke kwenye buti la gari. Gauni halikutoka. Nyuma ya gari alisimama mzee mmoja, shati limepigwa pasi mpaka kola, ufunguo mkononi, anatafuta tundu la kitasa. Ufunguo ulikwenda kushoto, ukaenda kulia, ukakwaruza rangi, ukarudi ulikotoka. Mkono wake ulitetemeka kama injini ya dizeli iliyowashwa asubuhi ya baridi.

Binti yake alikuwa ndiyo kwanza anashuka siti ya nyuma. Alikuwa fundi umeme wa magari, na gereji nzima ilimwita Fyuzi, kwa udogo wa umbo na wepesi wa kuungua. Alikimbia, lakini hakuwahi. Mwanamume mmoja wa pale nyumbani alishafika, akautoa ufunguo mkononi mwa mzee kwa upole wote wa dunia.

"Lete mzee wangu, nikusaidie."

Kitasa kikalia, buti likafunguka, nyimbo zikarudi pale pale zilipokuwa zimeachwa. Mzee akatabasamu. Fyuzi alimjua baba yake, na tabasamu lile aliliona limebandikwa tu, kama stika.

Maisha yake yote mzee alikuwa dereva wa malori. Tangu astaafu alibaki na kazi moja: mkewe alishona magauni ya harusi, naye aliyapeleka kwa wenyewe. Hakulipwa hata soda, lakini aliifanya kazi hiyo kwa maringo ya mtu anayesafirisha dhahabu. Alifunga breki taratibu. Alikwepa mashimo ambayo hata hayakuwepo. Akifika, alishuka kwanza yeye, akazunguka nyuma, akafungua buti kama mtu anayefungua pazia la jukwaa. Mama Fyuzi alikuwa akisema kwamba nusu ya gauni anashona yeye, nusu nyingine inashonwa na buti lile.

Siku hiyo walirudi nyumbani. Mzee aliutundika ufunguo msumarini na kukaa.

"Mama Fyuzi, Jumamosi tafuta gari la kukodi. Mimi nimestaafu."

"Si ulishastaafu wewe?"

"Nimestaafu tena."

Mama aliweka chini sindano yake. Jumamosi kulikuwa na gauni kubwa kuliko yote aliyowahi kushona, lenye mkia wa kuburuta. "Na huyo dereva wa kukodi atanitania njiani? Ataniambia nimesahau kushona mkono mmoja, moyo unipasuke, halafu acheke peke yake?"

"Mfundishe," mzee alisema, akageukia ukutani.

Fyuzi aliuchukua ufunguo kimyakimya akatoka nao uani. Akauingiza kwenye kitasa cha buti. Ukaingia laini, ukazunguka bila kinyongo. Kitasa kilikuwa kizima kama siku kilipotoka kiwandani. Akainama kutazama rangi kulizunguka lile tundu. Mikwaruzo ilikuwa chungu nzima, mingine mipya inang'aa, mingine ya zamani imeshaanza kushika kutu. Kwa hiyo mzee alikuwa akipigana vita hivi siku nyingi, peke yake, wakati yeye na mama yake wako mbele wanasalimiana na wenye harusi. Fyuzi alifuta pua kwa mkono wenye grisi, akarudi ndani, akautundika ufunguo msumarini, akavaa sura ya daktari.

"Baba, kitasa cha buti kimekufa."

Mzee aligeuka taratibu. "Kimekufa?"

"Kimekufa kabisa. Hata mimi kimenishinda."

"Ndiyo!" Mzee aliruka kitini. "Si nilimwambia mama yako? Kitasa hiki kibovu!"

"Hukuniambia," mama alisema.

"Nilikuwa mbioni kukwambia."

"Sasa nitakuwekea rimoti," Fyuzi alisema. "Unabonyeza, buti linafunguka lenyewe."

"Gari hili? Gari lina umri wa dada yako mkubwa, unalitia rimoti? Si litashtuka moyo!"

"Nipe mpaka Jumamosi. Lisipofunguka, kakodini."

Mzee alikuna kidevu. Hakusema ndiyo. Lakini ufunguo aliutoa msumarini mwenyewe.

Kesho yake gari lilikuwa gerejini, buti wazi, makapeti yamekunjwa. Jirani yake wa kazi, fundi wa injini aitwaye Spana, alikuja na kikombe chake cha chai kuangalia sinema.

"Fyuzi, rimoti kwenye mkweche? Lipake na wanja basi."

"Spana, chai yako inapoa."

"Mimi nauliza tu. Likianza kuongea utaniita?"

Fyuzi alikuwa amepata mota ndogo ya kitasa cha mlango kutoka kwenye gari lililopondwa, nayo ilikuwa bado na nguvu ya kutosha kuvuta komeo la buti. Aliifunga pembeni ya komeo, akaiunga kwa kijiti cha chuma alichokikunja na kukikunjua mpaka kikakubali. Nyaya alizipitisha chini ya kapeti, kando ya mlango, hadi kwenye betri, akaweka fyuzi mwanzoni na rilei, ile swichi inayovutwa na umeme, katikati. Kisanduku cha kupokea rimoti alikificha nyuma ya siti. Akakumbuka kwamba komeo likiachia, mfuniko bado utakaa pale pale kwa uzito wake, na mzee atalazimika kuuinua. Hapana. Alitafuta springi mbili ngumu, akazifunga kwenye bawaba. Kisha akasogea mbali, akanyoosha mkono, akabonyeza.

Pap! Mfuniko ukaruka juu wenyewe, ukasimama, ukatikisika kidogo kama unaaga.

Spana alijimwagia chai.

"Limeongea," Fyuzi alisema, meno yote nje.

Jioni ile mzee alibonyeza mpaka majirani wakatoka nje. Alibonyeza akiwa mlangoni, akabonyeza akiwa dirishani, akajificha nyuma ya tangi la maji akabonyeza huku mama akipita karibu na gari, mama akapiga ukelele, mzee akacheka mpaka akashika ukuta. Kitufe kilikuwa kikubwa na mkono ukitetemeka haikuwa neno, kidole kilikipata tu.

Raha ile iliishia Ijumaa. Mzee alitoka kuzunguka mitaa miwili mitatu, kuzoea. Alirudi buti limesimama wima, na nyuma yake watoto wanapiga kelele.

"Limefunguka lenyewe kwenye tuta," alisema.

Fyuzi alilipeleka gari gerejini. Alikagua nyaya moja baada ya nyingine, akakaza kila kiungo. Akaliendesha kwenye matuta na mashimo, akalirukisha mpaka kichwa kikagonga dari. Buti kimya, limebana kama mdomo wa bahili. Akamrudishia mzee. Mzee akatoka, akarudi, buti wazi.

"Linapiga miayo," Spana alisema. "Ni uzee. Liache lilale."

"Spana, nitakufungia rimoti wewe, nikubonyeze unyamaze!"

Lakini moyoni alikuwa anaungua kweli. Kesho ndiyo Jumamosi. Gauni lenye mkia wa kuburuta haliwezi kukaa kwenye buti linalofunguka kila tuta, likapepea barabarani kama bendera. Na mzee alishaanza kuutazama ule msumari wa ukutani.

"Twende wote," alimwambia. "Endesha, mimi nakaa nyuma natazama."

Mzee alishika usukani. Barabara ilikuwa nzuri mwanzoni, na buti likatulia. Wakafika kwenye tuta la kwanza. Gari likapanda, likashuka, mzee akadundadunda kitini, na nyuma, pap! Fyuzi alitazama mota, akatazama nyaya, kisha macho yakashuka yenyewe kwenye siti ya dereva.

"Baba, rimoti iko wapi?"

"Ipo salama."

"Salama wapi?"

Mzee alijigonga mfuko wa nyuma wa suruali. Buti lilikuwa tayari wazi, vinginevyo lingefunguka tena.

Zamani sana, porini, lori lake lilijifunga mlango huku injini inanguruma na yeye yuko nje. Tangu siku ile mzee hakuwahi kuendesha gari bila ufunguo wa akiba kwenye mfuko wa nyuma, ameukalia, auhisi. Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye swichi ukifanya kazi yake. Rimoti kwake ilikuwa ndiyo akiba. Kwa hiyo aliikalia, na kila tuta aliibonyeza kwa uzito wake wote.

Fyuzi alicheka mpaka akalala kwenye siti. "Nini?" mzee aliuliza. "Nini tena?" Fyuzi akafungua mdomo amwambie: baba, ni wewe, itoe hapo. Maneno yalifika kwenye meno yakasimama. Alikiona kile kiganja cha yule mwanamume wa harusini kikichukua ufunguo. Mtu huyu ameishi na mfuko huu miaka na miaka, umemvusha milima, sasa leo aambiwe na mwanawe hata kukaa hajui? Sivyo. Gari ndilo limfuate dereva.

"Nacheka kazi yangu," alisema. "Nimeruka kitu. Nipe saa moja."

Chini ya breki ya mkono kulikuwa na kiswichi kidogo, kile kinachowasha taa nyekundu ya dashibodi breki ikivutwa. Waya wa rilei aliupitisha hapo. Sasa breki ikiwa juu, gari limesimama, rimoti inafanya kazi. Breki ikiwa chini, mtu aikalie, airukie, aicheze ngoma, buti halina habari. Walilipitisha gari kwenye matuta yote ya mtaa, mzee akidunda na kuimba nyimbo zake za safari, na buti likabana.

"Ulikuwa umeruka nini?" mzee aliuliza.

"Breki ya mkono."

"Aa!" Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Fundi hasahau breki, mwanangu."

Jumamosi jua lilikuwa kali na nyumba ya harusi imejaa hadi getini. Fyuzi alikaa nyuma, begi la vifaa mapajani. Mama alikaa mbele, na njia nzima aliambiwa gauni lina mikono mitatu. Waimbaji walikuwa wamejipanga kama kawaida. Mzee alifunga breki taratibu. Akavuta breki ya mkono. Akashuka kwanza yeye.

Lakini hakwenda nyuma. Alisimama kando ya mlango wake, mgongo umenyooka, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa suruali, kama mtu aliyekuja kununua mtaa. Waimbaji wakamtazama. Mwanamume mmoja alianza kusogea amsaidie, na Fyuzi akashuka mbio na begi lake.

Pap!

Buti likainuka lenyewe, na mle ndani gauni lilikuwa limelala jeupe, mkia umekunjwa kama maziwa yanayochemka. Shangwe iliyopigwa ilitisha njiwa juu ya paa. Mashangazi walisahau gauni wakaja kutazama mfuniko. "Mzee, hebu tena!" Mzee akaufunga kwa kiwiko, akarudi nyuma, mkono mfukoni. Pap! Wakapiga makofi tena, na mmoja akaanza kulitungia buti wimbo papo hapo, wenzake wakamwitikia. Mkono wake hakuna aliyeuona. Ulikuwa mfukoni ukitetemeka unavyotaka.

Mama alilibeba gauni ndani, mkia ukashikwa na mashangazi. Alipotoka, mwanamke mmoja mwenye binti wa kuolewa alimfuata na kumvuta mkono. Alitaka gauni kama lile lile.

"Na mniletee na gari hili hili," aliongeza. "Dereva wenu nani?"

Mama akafungua mdomo. Mzee akamuwahi.

"Dereva ni mimi," alisema. "Tangu zamani. Sema siku tu, mama, na uwapange waimbaji wako vizuri, maana mimi huwa sichelewi."

Akaufunga mfuniko kwa kiwiko, akamfungulia mkewe mlango wa mbele, akazunguka, akaingia, akashusha breki ya mkono. Alikuwa anamweleza jambo, mkono mmoja unachora hewani, na mama anamsukuma bega kwa kicheko. Gari likaondoka. Likafika kona, likapinda.

Fyuzi alibaki amesimama getini na begi lake la vifaa, ameachwa na wazazi wake mchana kweupe. Alisubiri kidogo kuona kama watakumbuka. Hawakukumbuka. Akatupa begi begani, akaanza kutembea kuelekea nyumbani, anacheka peke yake barabarani, na wapita njia wakampisha.