Shibiri Sabini za Zuena

Bibi Mwanabaraka wa Temeke hakujua kuandika, ila kusuka alijua. Kila siku, baada ya sala ya alasiri, alisuka shibiri moja ya ukili. Siku ambayo mjukuu wake Zuena alianguka kifafa, aliingiza mwaa mweusi, jani lililotiwa rangi. Siku ikipita salama, aliuacha ukili mweupe. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu vita vya Hitla kwisha, na ukili ulikuwa umeshajaza pakacha.

Wala hakuwa na haja ya mkeka. Alikuwa akimsukia binti yake ushahidi.

Binti huyo, Mwantumu, mama yake Zuena, aliolewa mara ya pili huko Mbweni. Kila alipokuja alileta nazi na kanga, akamsuka mtoto nywele taratibu, bila kumwumiza. Lakini chakula kikitengwa alisogea pembeni na sahani yake, kwa kuwa watu walisema kifafa huambukiza kwa mate.

"Akipona, mama, nitakula naye," alisema, machozi yakimlengalenga.

Zuena, wa miaka kumi na miwili, alikula na bibi yake huku akiitazama mikono ya mama.

Jumapili moja Ansbert, dresa wa hospitali kutoka Bukoba aliyepanga nyumba ya jirani, alipita kuwajulia hali kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti unisomee."

Akamkunjulia ukili barazani. Ansbert aliufuata kwa kidole. Mwanzoni weusi ulijaa kama sisimizi kwenye sukari, kisha ukapungua. Shibiri sabini za mwisho zilikuwa na weusi mara mbili tu.

"Hapo ndipo nilipoanza mizizi ya mganga, Mzee Mfaume," bibi alisema. "Mwandikie Mwantumu. Mwambie mtoto amepona kwa mizizi."

"Na vidonge vyangu ulianza kumpa lini?"

Bibi akainama. "Siku hiyo hiyo. Mfaume alinikataza kuchanganya, nawe ulinikataza. Nikachelea kuwavunja moyo, nikawaficha wote wawili."

Ansbert alicheka mpaka akashika mbavu. "Wapishi wawili, chungu kimoja! Nani atajua chumvi ni ya nani?" Kisha akatulia. "Siwezi kuandika kwamba ni mizizi, bibi. Wala kwamba amepona. Nitaandika nilichokiona: siku sabini, ameanguka mara mbili."

"Hiyo haitamleta," bibi alinong'ona.

Zuena alikuwa kizingitini na bakuli lake la muhogo. Ansbert alimtazama kitambo, akaomba maji, akanawa.

"Hunikaribishi?"

"Mie? Watu hawali na mie, bwana dresa."

"Nina njaa, mama. Sogeza."

Akachukua kipande ambacho Zuena alikwisha kukiuma, akala, akalamba vidole. Bibi alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Ndipo Ansbert akaandika zile siku sabini, na chini yake: *Kifafa hakiambukizi. Nimekula kipande alichokiuma mwanao. Njoo unione.*

Muuza samaki aliipeleka barua Mbweni. Tangu hapo, kila Ijumaa, bibi alipakua wali katika sinia moja, akatandika jamvi la kuwatosha watu watatu.

Ijumaa ya nne wali uliacha kutoa mvuke.

"Tumngoje mama kidogo, bibi," Zuena alisema, amekwisha kunawa.

"Tumngoje, mjukuu wangu."