Jumla Hakatizwi

Delbert Hruska alikuwa amekufa katika filamu nyingi mno, mpaka mwenyewe akaacha kuzihesabu. Alikufa kwa risasi, kwa mshale, kwa kuporomoka kutoka paa la baa. Mara moja alikanyagwa na ng'ombe ambao, kwa maelezo yake, walikuwa wapole kiasi cha kutaka kumwomba radhi. Katika filamu zote za kauboi alizocheza, hakuwahi hata siku moja kufika ukurasa wa mwisho wa mswada akiwa bado anapumua.

"Sasa nakuuliza, binti," alimwambia Tamsin Ekdahl asubuhi hiyo, wakiwa kwenye meza ya kahawa na donati nje ya jengo la kupigia picha, mjini Burbank. "Na katika filamu hii ya ndani ya kompyuta, nako nakufa?"

Tamsin alilijua jibu. Lilikuwa kwenye ukurasa wa themanini wa mswada, na picha yake ilikuwa ipigwe siku hiyohiyo.

"Kwa nini unauliza, mzee Del?"

"Ni mjukuu wangu, Twyla. Ana miaka saba. Hataki kabisa kuziangalia filamu zangu. Anakaa jikoni, ananiambia, 'Babu, ukimaliza kufa niite.' Leo nimemwahidi nitampigia simu nimwambie kama hii anaweza kukaa nami kuiangalia."

Tamsin aliitazama donati yake, akaona hamu ya kuila imekwisha.

Alikuwa ametoka chuoni mwaka uliopita, na hii ndiyo kazi yake ya kwanza: mtunza sheria. Filamu nzima ilitokea ndani ya kompyuta, na mwaka ule wa 1981 watu wengi pale studioni hawakuwahi hata kuigusa. Mwongozaji wao, Lyle Ostrander, alikuwa nayo moja ofisini, akiitumia kuwekea kofia. Basi kwa kuwa ndani ya kompyuta jambo lolote lingeweza kutokea, ilibidi apatikane mtu wa kusema ni yapi hayawezi. Tamsin aliandika sheria zake zikabandikwa karibu na mlango. Programu hali chakula. Programu hatoki jasho. Programu haapi kwa Mungu, huapa kwa Yule wa Nje, yaani mwenye kompyuta. Kila mwigizaji aligombana na sheria mojawapo. "Kama sipumui," kijana aliyeigiza shujaa aliuliza kila wiki, "mbona mnaniambia niheme?"

Tamsin alizishikilia sheria hizo kwa moyo wake wote. Aliamini kwamba mtu hawezi kushikwa na wasiwasi juu ya dunia isiyo na mipaka. Aliamini pia kwamba mtoto akimwona Jumla, programu mdogo wa kujumlisha aliyeigizwa na mzee Del, atatoka ukumbini akijua kwamba hata kazi ndogo ina moyo ndani yake. Siku alipomweleza Lyle hilo, Lyle alimwambia aende akapumzike.

Sasa alimfuata tena, akamkuta amekaa kwenye kiti chake cha turubai.

"Bosi, naomba Jumla asife."

"Rafiki wa shujaa lazima afe."

"Lazima kwa nani?"

"Kwa dunia nzima, Tamsin! Ukurasa wa themanini, rafiki anakufa, shujaa anakasirika, tunaelekea mwisho. Asipokufa, shujaa akasirikie nini? Kwamba umeme umekatika?"

"Basi afe, halafu arudishwe kutoka kwenye nakala. Kompyuta huwa zinahifadhi nakala."

Lyle aliweka kikombe chini. "Kila programu ana nakala yake?"

"Eeh. Kila mmoja."

"Na adui?"

"Adui naye," Tamsin alikiri.

"Na yule programu binti mrembo anayelinda mlango? Haya, wewe mwenye sheria zako, niambie. Ni nani atakayekaa gizani na bisi zake, akihofia maisha ya mtu mwenye akiba ya miili kabatini?"

Alisema kweli, na Tamsin ni mtu asiyeweza kuendelea kubisha akishaona mwenzake amesema kweli. Ni tabia nzuri, lakini haimsaidii mtu sana studioni. Alirudi kwa mzee Del na habari yake, macho yamemjaa machozi.

"Ah, usilie, mwanangu," mzee alisema, akampa leso. "Nitakufa vizuri. Ndiyo fani yangu." Lakini aliitazama simu ya ukutani, kisha akaangalia pembeni.

Seti yenyewe ilikuwa chumba kikubwa kilichofunikwa kitambaa cheusi tii. Taa zote za ule ulimwengu zingechorwa baadaye kwa mkono na wachoraji, picha moja baada ya nyingine. Kwa sasa waigizaji waliovaa nguo nyeupe za kubana walizunguka gizani wakistaajabia vitu visivyokuwepo.

"Adui anatokea wapi?" mzee Del aliuliza.

"Pale kwenye ile ndoo," Lyle alijibu. "Ndoo ni mlango wa kumbukumbu kuu. Haya, anza!"

Adui aliitwa Mfutaji. Aliigizwa na Garrick Pell, pande la mtu lenye sauti ya radi, ambaye kati ya picha na picha alikaa akifuma soksi za mtoto wa dada yake. Alitokea kwenye ndoo, akainua fimbo yake ya kufutia, akapiga. Mzee Del alishika kifua, akayumba, akapapasa ukuta usiokuwepo, akasema kwa shida, "Mwambieni... farasi wangu..."

"Kata! Farasi gani, mzee?"

"Samahani. Mazoea."

Mara ya pili farasi hakutajwa, ila mzee alitambaa na kutambaa, akarudi alikotoka, akatambaa tena, mpaka ukanda wa filamu ukaisha ndani ya kamera kabla hajakata roho.

"Programu anazimika tu!" Lyle alipiga kelele. "Kama balbu! Puu! Basi!"

Wakati kamera inawekewa ukanda mpya, mzee Del alimwita Tamsin. "Binti, mtu hufa akiwa katikati ya jambo. Kauboi hufa akitafuta bastola. Huyu wangu afe akifanya nini?"

"Jumla ana kazi moja tu, mzee. Anajumlisha."

"Basi nitajumlisha. Huo ni mwisho wa heshima."

Tamsin alisimama pale kinywa wazi. Alikuwa ameikumbuka Sheria ya Nne.

Aliiandika kwa ajili ya Lyle mwenyewe, ambaye hakuweza kuwavumilia maadui wanaohutubia huku shujaa anafungua kamba. Kama adui lazima angoje, Tamsin aliwaza wakati ule, basi awe na sababu ya kungoja: programu aliye katikati ya hesabu hakatizwi na yeyote mpaka apate jibu. Walikwisha kuipigia picha. Mfutaji alisimama ngazini nyuma ya mlinzi aliyekuwa akigawanya namba, akangoja kwa adabu, kisha ndipo akamfuta. Lyle alicheka siku ile mpaka akashika ubavu.

Tamsin alimwendea Garrick. "Kaka, unaikumbuka Sheria ya Nne?"

"Niisahau vipi? Nilisimama kwenye zile ngazi mpaka mguu ukafa ganzi."

"Nakukumbusha tu."

Garrick alimtazama, akamtazama na mzee Del, akazitia soksi mfukoni.

"Anza!"

Mfutaji alitokea kwenye ndoo. Jumla alisimama katikati ya njia, shujaa nyuma yake, akafumba macho. "Moja na moja, mbili," alisema. "Mbili na mbili, nne. Nne na nne, nane."

Fimbo ilipanda juu. Ikabaki hukohuko.

"Mia mbili hamsini na sita na mia mbili hamsini na sita, mia tano kumi na mbili."

Lyle alifanya ishara ya kupiga. Garrick akatikisa kichwa kidogo, taratibu, kama adui anayeteswa na dhamiri. Mkono ulianza kumchoka. Shujaa, ambaye hakuambiwa lolote, aliona njia iko wazi akaikimbilia.

"Mia tano kumi na mbili na mia tano kumi na mbili, elfu moja ishirini na nne. Elfu moja ishirini na nne na..."

Mzee akakwama.

Kila mtu chumbani alijua maana yake. Hesabu ikikoma, fimbo inashuka. Tamsin aliuma leso ya watu. Mzee alifumbua macho, midomo inacheza bila sauti, na hapo Mfutaji, adui wa kila kilichoandikwa, akanong'ona bila kutikisa midomo:

"Elfu mbili arobaini na nane."

"Elfu mbili arobaini na nane!" Jumla alinguruma.

"Kata!" Lyle aliruka kitini. "Garrick! Mbona hukumpiga?"

"Sheria ya Nne, bosi. Alikuwa anajumlisha."

"Nani aliyetunga upuuzi huo?"

Wote walimgeukia Tamsin. "Ulicheka siku ile, bosi," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi leo tunaivunja."

"Huwezi," alisema bibi Odette, mama aliyekaa kando ya kamera akihakikisha picha ya leo haigombani na ya jana. "Ukiivunja, picha ya ngazini inakuwa uongo. Na ngazi zenyewe zimekwisha kuwa jukwaa la kipindi cha mapishi; hatuwezi kuipiga tena."

Lyle alivua kofia, akaivaa, akaivua. "Sasa anamaliza lini kujumlisha?"

"Hamalizi, bosi," Tamsin alisema. "Namba haziishi."

Lyle alikwenda mpaka kwenye ndoo, akarudi polepole.

"Kwa hiyo anabaki pale. Analizuia lile jitu, peke yake, siku zote, ili rafiki yake afike nyumbani."

"Ndiyo."

"Watazamaji wataliaje kama hafi?"

Tamsin alikuwa anapenga kamasi. Bibi Odette naye alikuwa ametazama darini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Sawa," Lyle alisema. "Ukurasa wa mwisho kabisa. Shujaa ameshafika kwake, amelala. Tunarudi gizani. Mzee bado anajumlisha, na yule bado amesimama."

"Mkono juu?" Garrick aliuliza.

"Mkono juu."

"Basi mnitafutie kitu cha kuuegemeza."

Wakati wa chakula cha mchana mzee Del alisimama kwenye simu ya ukutani na nguo zake nyeupe za kubana, sandwichi mkononi.

"Twyla? Ni babu. Hapana, sijafa." Alisikiliza, akacheka. "Kweli tupu, muulize binti wa sheria, huyu hapa. Mwishoni? Mwishoni bado najumlisha, na mtu mwenye fimbo ya kunifuta bado anangoja." Alisikiliza tena, akaufunika mdomo wa simu kwa kiganja, akamgeukia Tamsin.

"Anauliza kama yule mtu mwenye fimbo hachoki."

"Mwambie anachoka," Tamsin alisema. "Lakini anapenda kusikia jibu."