Mtoto Mwenye Adabu

Honorata alikuwa ameshageuza nusu ya dagaa waliokuwa chanjani aliposikia nyayo ndogo zikikoma nyuma yake. Aliendelea kuwapindua kwa viganja, taratibu, akisema kwa sauti kila alichotaka kufanya.

"Sasa nainuka. Naenda kuchota maji pale ziwani. Nikimaliza narudi hapa hapa."

Akainuka, akachota, akarudi. Happiness, mjukuu wake, alikuwa bado amesimama palepale, kidole mdomoni.

Ndivyo walivyoishi pale Katonga. Hakuna aliyemfundisha Honorata. Aliona tu kwamba mtoto akishtukizwa anajikojolea, akaacha kumshtukiza. Aliona akifungiwa mlango anaingia uvunguni, akang'oa mlango wa chumba, akatundika kanga. Uvunguni ndiko alikokutwa kule Mwamgongo, siku baba yake, Thobias, alipompiga mama yake, Agnesi, binti wa Honorata, mpaka akanyamaza milele. Tangu siku ile mtoto naye akanyamaza. Polisi walitaka shahidi. Shahidi alikuwa mmoja, mwenye miaka sita, na hakusema kitu. Mahakama ikamwachia Thobias.

Neno la kwanza lilitoka baada ya masika. Mwanvua, jirani anayeuza maandazi, alikuwa akipita na beseni kichwani. Happiness akamtazama, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba! Yoo, Honorata, kasema! Nyie, mtoto kasema!"

Beseni nusura limdondoke. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa pale mwaloni wakapiga vigelegele. Kuanzia hapo Honorata akamzoeza kumwamkia kila mkubwa anayepita. Mtoto alishaona kuwa neno lile likitoka, watu wakubwa hucheka.

Mchana wa siku hiyo ya kugeuza dagaa, waliitwa ofisi ya ustawi wa jamii. Walimkuta Thobias ameshafika na kaka yake Gervasi, mashati yamepigwa pasi. Afisa, Bwana Adolf, alikuwa mpole. Alimpa Honorata kiti.

"Mama, huyu bwana anamtaka mwanawe. Ng'ombe wa mahari walitoka, mtoto ni wa ukoo wao. Na mahakama haikumkuta na hatia."

"Mahakama haikumsikia mtoto."

"Haikumsikia kwa sababu hakusema."

"Mwanangu, huyu analala ameshika sikio langu. Ndiyo kwanza anaanza kula. Mkimrudisha kule..."

"Kule atakula mawe?" Gervasi akacheka. "Bibi, hata kwetu kuna majiko."

"Basi tumtazame mwenyewe," Adolf akasema. "Mambo haya tumesomeshwa kwenye semina. Mtoto anayemwogopa mtu utamjua tu. Atalia, atakimbia. Mleteni."

Happiness alikuwa nje na Mwanvua. Akaingia, akamwona Thobias. Honorata akaona vidole vya miguu ya mtoto vikijikunja sakafuni na midomo ikimkauka. Akataka kuinuka. Afisa akamwonyesha kiganja: subiri.

Mtoto akainamisha kichwa. Sauti ilitoka safi, bila kutetemeka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama," Thobias akaitikia. Machozi yakamlenga, na huenda yalikuwa ya kweli.

Adolf akashusha pumzi. "Umeona, mama? Mtoto ana adabu, hana kinyongo. Umemlea vizuri sana, tunakushukuru."

"Anaogopa, mwanangu. Hiyo ni hofu."

"Hofu nayo inaamkia?" Gervasi akauliza.

Afisa akatabasamu kidogo, kisha kama aliyeona haya akaanza kutafuta kalamu yake. Ikaamuliwa Thobias aje kumchukua mtoto kesho, waondoke na boti ya mchana. Walipotoka, mfagizi aliitwa apige deki pale Happiness aliposimama. Hakuna aliyeuliza kuna nini.

Jua lilikuwa bado halijashuka kwenye milima ya Kongo Honorata alipokaa mkekani, akamvuta mtoto mbele yake.

"Mwana wanje, mwanangu, leo nakupa neno jingine. Sema: sitaki."

Happiness akamtazama mdomo.

"Si-ta-ki. Mtu akikushika mkono, unasema hivyo. Kwa sauti. Hata awe mkubwa." Honorata hakuwahi kumwambia mtoto yeyote jambo kama hilo. Hata Agnesi alipokuwa mtoto hakumwambia.

"Haya. Si..."

Midomo ya mtoto ikafunguka kidogo, ikafungika.

"Hivi, tazama bibi. Sitaki."

Mwanvua akaja na kibakuli cha maharage, akasimama karibu yao, macho mekundu. Happiness akageuka haraka.

"Shikamoo."

"Marahaba," Mwanvua akaitikia, na safari hii hakucheka. Mtoto akamkodolea macho, akarudia kwa haraka zaidi, "Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo."

Honorata akamfunika mdomo kwa kiganja, polepole, kama anayempangusa.

"Basi, pumzika," akamwambia. "Tutaendelea kesho asubuhi. Boti ni ya mchana."