Jina la Kwanza

Kamati ya kupandisha vyeo ilimwandikia Dkt. Edinah Sitati sentensi moja tu: alete ushahidi kwamba ugunduzi ule ni wake. Alikuwa amefundisha kemia miaka kumi na saba katika chuo kimoja pale Nakuru, na mara mbili alikuwa amenyimwa uprofesa. Ombi hili la tatu ndilo la mwisho ambalo sheria za chuo zilimruhusu. Kamati ingekaa Ijumaa. Kwa hiyo Jumatano alikwenda Subukia, kwa mtu pekee duniani aliyeujua ukweli.

Ugunduzi wenyewe haukuwa porojo. Viwanda vya dawa huunganisha vipande vya kaboni kwa msaada wa boroni, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilihitaji paladiamu, madini ya bei ya kuua. Paladiamu ndiyo mshenga: huzikutanisha kaboni mbili, kisha hujiondoa. Edinah, akiwa mwanafunzi wa uzamifu katika maabara isiyokuwa hata na mtungi wa gesi, aliifunga boroni kwa sukari ili isiharibike hewani, akaweka chumvi ya chuma cha kawaida mahali pa paladiamu. Majaribio mia mbili na kumi yalikataa. La mia mbili na kumi na moja likakubali. Leo makala aliyoyaandika kuhusu jaribio hilo yamenukuliwa na watafiti zaidi ya elfu tatu, na wote, kuanzia Japani hadi Brazili, huiita mbinu ya Wamalwa.

Wamalwa alikuwa msimamizi wake. Mwaka ule mzima aliingia maabara mara mbili, na mara zote mbili alikuwa akitafuta funguo za gari.

Usiniulize jina lake lilifikaje mbele. Edinah mwenyewe ndiye aliyeliweka, kwa vidole vyake kumi. Kwao Bondeni, firigisi ya kuku humwendea mzee hata kama kuku ni wa mtoto, na msichana aliyelelewa hivyo angejitanguliza vipi mbele ya mwalimu wake? Aliona ni heshima. Hakujua kwamba wanasayansi husoma jina la kwanza kama hati ya shamba.

Profesa Wamalwa, mstaafu sasa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alimpokea kwa furaha ya kweli. Mkewe, Becky, akaleta chai na viazi vitamu. Edinah alimaliza vikombe viwili kabla ya kupata ujasiri.

"Prof, nimekuja kuomba barua. Mistari miwili tu. Kwamba ile kazi ya boroni niliifanya mimi."

Mzee akaweka kikombe chini. "Mwanangu, kazi ya maabara ni ya watu wengi."

"Tulikuwa wawili, Prof. Na wewe ulikuwa ofisini."

Becky akakumbuka kwamba ana kazi jikoni, akatoka.

"Kwani nani alikulazimisha kuweka jina langu mbele?" Mzee hakuuliza kwa hasira. "Mimi nilikuta limeandikwa. Nikasema, huyu msichana amelelewa vizuri."

Maneno yale yalimuuma Edinah kwa sababu yalikuwa kweli. Yalimuuma zaidi kwa sababu mzee alikuwa ameyajua miaka yote hiyo, na usingizi haukumpaa hata siku moja.

"Lakini siwezi kukuacha hivyo hivyo," mzee aliendelea, akitoa bahasha kwenye koti. "Kuna watu wa ng'ambo wananipa medali ya ile mbinu wiki ijayo. Wanataka lecture, saa nzima, na maswali. Sasa mimi hiyo chemistry imenitoka kabisa. Wewe niandikie, unifundishe pole pole. Nikirudi nitakuandikia barua nzuri sana."

"Kamati ni Ijumaa, Prof."

"Aah, hizo kamati huwa zinaahirishwa."

Edinah alisimama. Katika maisha yake hakuwa amewahi kumkatalia mkubwa. "Hapana, Prof. Siandiki."

Mzee alimtazama kwa masikitiko. "Umebadilika, Edinah."

Kamati haikuahirishwa. Edinah aliwaeleza yote, tangu sukari hadi bahasha ya medali, nao wakamsikiliza kwa adabu. Kisha mwenyekiti akavua miwani na kumwambia kwamba si vizuri mtu wa elimu yake kumvunjia heshima mzee aliyemfundisha.