Shukrani Ubaoni

Jumatatu asubuhi, mwalimu wa darasa la kwanza aliandika ubaoni maneno mawili makubwa, SINA SAUTI, akageuka, akafumbata mikono, akasubiri. Watoto thelathini na wanane wakayatazama yale maneno kwa heshima zote, wakavuta pumzi kwa pamoja, kisha wakaimba kwa nguvu: "Ba, be, bi, bo, bu!"

Loo! Mwalimu alishika kichwa. Wao waliona wamejibu vizuri kabisa, wakakaa chini wakingoja kupigiwa makofi.

Mwalimu huyu alikuwa na sauti, tena si sauti ya kubahatisha. Kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa ikitoka dirishani, ikivuka uwanja na kumfikia mlinzi getini, naye mlinzi akajikuta anataja silabi huku akiwafungulia wageni. Mwalimu alisema sentensi, darasa likairudia. Alisoma ukurasa, likausoma nyuma yake bila kukosea hata nukta. Kila mwaka, kufikia mwezi wa tatu, watoto wake walikuwa wanasoma kitabu kizima, na walimu wenzake walikuja kusimama mlangoni wasikilize. Hakujisifu kwa mdomo, lakini tuseme ukweli, kichwa kilikuwa kimevimba kidogo. Ndipo koo likaanza kukwaruza, likakwaruza mwezi mzima, na daktari alipomulika tochi akaona vinundu.

"Wiki tatu," daktari alimwambia. "Usiseme, usiimbe, usinong'one. Kunong'ona ndiko kubaya zaidi."

Mwalimu akaandika kwenye karatasi: Na kuomba je?

"Omba moyoni. Huko hakuna vinundu."

Mumewe, fundi wa makochi, alipopata habari aliweka nyundo chini, akatazama juu na kusema, "Ee Mola, kumbe na nyumba hupewa likizo!" Akatupiwa mto aliokuwa ndiyo kwanza amemaliza kuushona. Mkuu wa shule naye alikuja na wasiwasi wake wa kila siku, akauliza kama alete mwalimu wa kushikilia darasa. Mwalimu alitikisa kichwa mpaka hereni zikacheza.

"Haya," alisema mkuu. "Ila ujue Siku ya Wazazi ni Ijumaa ya wiki ya tatu. Bahati nzuri Redio anaijua kazi yake. Atasoma zaburi mbele ya wageni kama tulivyopanga."

Redio alikuwa msichana wa miaka sita, binti wa msusi mwenye saluni nyuma ya shule. Jina hilo alipewa na mlinzi, maana mtoto akishafungua kitabu, ni mwanzo hadi mwisho bila kupumzika, na sauti yake imenyooka. Ndiye aliyekuwa fahari ya darasa. Mgeni yeyote akija, "Redio, simama usome," na mgeni huondoka anasimulia.

Sasa, darasa hilo lilikuwa na desturi moja. Kila asubuhi, baada ya sala, watoto watano walisimama kwa zamu na kila mmoja akamshukuru Mungu kwa kitu kimoja. Haikuruhusiwa kurudia cha mwenzako. Kwa hiyo Mungu alikuwa ameshashukuriwa kwa maziwa, kwa bibi, kwa jino lililotoka bila kuuma, kwa paka aliyerudi, na kwa mwalimu wa hesabu kuugua, hilo likakataliwa. Mwisho kabisa alishukuru mwalimu mwenyewe. Jumatatu ile ilipofika zamu yake, alichukua chaki akaandika: Asante Mungu kwa mvua.

Kasichana ka dawati la mbele, kenye mapengo mawili, kakanyoosha mkono.

"Mwalimu, Mungu anajua kusoma?"

"Anajua!" alidakia jirani yake. "Amri kumi aliandika nani, babu yako?"

"Hiyo ni kuandika. Mimi nauliza kusoma."

Mjadala ukawaka moto. Mwishowe wakaafikiana kwamba pengine anajua, lakini ili kuondoa shaka, ni heri mtu amsomee. Macho yote yakamgeukia Redio. Akasimama, akanyoosha kidole ubaoni, akasema kwa sauti yake iliyonyooka, "Asante Mungu kwa kutuamsha salama."

"Amina!" darasa likaitika.

Mwalimu alitazama ubao, akamtazama mtoto, akautazama ubao tena. Hayo ndiyo maneno aliyozoea kuyasema yeye kila siku ya Mungu. Mvua haikuwamo.

Kesho yake aliandika: Asante Mungu kwa chaki mpya. Redio akasoma kwamba Mungu amewaamsha salama. Keshokutwa vilevile. Mwalimu akatoa kabatini kitabu ambacho darasa halijawahi kukiona, akamfungulia ukurasa wenye picha ya ng'ombe. Mtoto aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akasimulia habari nzuri sana za ng'ombe aliyepotea na kuonekana. Kidole kilikuwa bado hapo kwenye mstari wa kwanza ng'ombe alipofika nyumbani. Ukurasa wenyewe ulizungumzia ndoo ya maziwa.

Saa ya kutoka, msusi alikuja kumchukua binti yake, vidole vikinukia mafuta ya nywele.

"Mwalimu, pole na koo. Ila nikushukuru. Mimi shule sikuiona, lakini huyu ananisomea kila kitu saluni. Juzi kanisomea kopo la mafuta. Kumbe limeandikwa zaburi nzima! Nikawaambia wateja, jamani, hawa watengenezaji ni watu wa dini." Akacheka kwa furaha. "Ijumaa ile nafunga saluni. Nije nimsikie mbele za watu."

Redio alikuwa anatazama viatu vyake. Mwalimu akamwona. Mtoto anajua, alijisemea. Anajua, na ameogopa peke yake muda wote huu.

Jioni alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, mumewe akipigilia misumari upande wa pili, akawa anahesabu vidoleni. Mchana ule alikuwa amewajaribu watoto mmoja mmoja kwa neno jipya. Waliosoma ni sita. Sita kati ya thelathini na wanane! Tena si wale wa sauti kubwa. Waliobaki walikuwa wameshika sauti yake tu, wakamrudishia, naye akaisikia na kuipenda kwa sababu ilikuwa yake. Wangapi walipita hivyo miaka yote hiyo? Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mumewe alimtazama, akaacha nyundo, akasogea akamshika bega bila mzaha wowote.

Kuanzia siku ile ubao ukawa ndio mdomo. Hakukuwa na jinsi nyingine. Mwalimu aliandika Simama, akasubiri. Aliandika Kaa. Aliandika Toeni madaftari, na kila mmoja akatoa alichojisikia kutoa, mmoja akatoa kiatu. Siku ya nne, kengele ya mapumziko ilipolia, aliandika Nenda nje, akasimama mlangoni. Wale sita wakasoma, wakapita. Wengine wakabaki wanaukodolea macho ubao, huku mpira ukisikika uwanjani. Jamani, ukitaka kuona mtoto anavyokazana na silabi, mwekee mpira upande wa pili wa neno. Wiki ya pili ilipoanza, waliokuwa wanabaki ndani walikuwa tisa tu, kisha watano.

Redio alikuwa miongoni mwao. Yeye mpira haukumsaidia, maana alikuwa na njia yake. Alisubiri mwingine aseme, akadaka.

Mwalimu akaanza kubaki naye peke yake, mlango umerudishwa asionekane na wenzake. Aliandika ma. Mtoto akaimba, "Ma, me, mi, mo, mu." Mwalimu akatikisa kichwa, akamshika kidole, akakiweka kwenye herufi moja. Mtoto akambashiria: "Mama? Maji? Matunda?" Akawa anamtazama mwalimu midomoni, anangoja. Midomo haikusema kitu. Siku mbili zikaenda hivyo. Siku ya tatu mtoto akaangua kilio.

"Mwalimu, sema mara moja tu. Ukisema mara moja nitajua. Naapa sitasahau!"

Hapo mwalimu alifungua mdomo. Nani angemlaumu? Mtoto analia, na dawa ni neno moja, hata la kunong'ona. Lakini aliona wazi kwamba akilisema, mtoto atalidaka kama alivyodaka mengine yote, atafuta machozi, na watakuwa wamerudi palepale. Akaufunga mdomo. Akampangusa kamasi kwa leso yake, akachukua chaki, akaandika polepole, akiacha nafasi kati ya silabi: Ma ma a na su ka.

Mtoto alipiga kwikwi, akaweka kidole.

"Ma... ma." Kidole kikasogea. "A... na." Akamtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ametazama ubao. "Su... ka." Akarudi mwanzo, haraka zaidi. "Mama... anasuka. Mama anasuka!" Macho yakamtoka. "Mwalimu! Huyu ni mama yangu! Umemwandika mama yangu, na mimi nimemwona!"

Akayasoma maneno hayo mara ishirini. Aliyafuta, akamwambia mwalimu ayaandike tena ahakikishe kama bado yapo. Mwalimu alicheka bila sauti mpaka akakaa chini, na ndani yake alikuwa akishukuru mfululizo, hajui hata anashukuru kwa kipi.

Ikabaki siku tatu. Mwalimu alimpelekea mkuu wa shule barua fupi: Redio hatasoma zaburi. Atasoma shukrani yangu, nitakayoiandika siku hiyohiyo.

"Mwalimu!" mkuu alisema, akivua miwani. "Mtoto anaitiririsha zaburi kama bomba. Kwa nini tujitafutie balaa mbele ya wageni?"

Mwalimu akaandika chini ya barua: Zaburi anaijua. Hii haijui.

Mkuu aliisoma mara mbili, hakuelewa hata kidogo. "Haya bwana. Likiharibika nitasema nilikataa."

Kisha mwalimu alimuuliza Redio mwenyewe, maana ndiye atakayesimama. Aliandika ubaoni: Utasoma?

"U-ta-so-ma." Redio akafikiri. "Nikikwama?"

Mwalimu akaandika neno moja. Mtoto akaliendea kwa kidole, silabi kwa silabi, mpaka akalimaliza. "Ni-ta-su-bi-ri."

Ijumaa ukumbi ulijaa pomoni. Msusi alikaa nyuma kabisa pamoja na mteja wake aliyesukwa upande mmoja tu na kujifunga kitambaa, maana wote wawili hawakutaka kukosa. Redio akapanda jukwaani na karatasi yake. Hakuwa ameiona kabla ya hapo. Aliikunjua, akaweka kidole.

"A-sa-nte Mu-ngu."

Wageni wakatazamana. Msusi akakunja uso. Binti yake, aliyemzoea akitiririka, leo anakwenda anachechemea? Mwalimu, kutoka kiti cha mbele, aligeuka akamwona.

"Kwa ko-o..." Mtoto akakwama. Kidole kilitulia juu ya neno. Mtu akakohoa. Mkuu wa shule, aliyeonyeshwa karatasi asubuhi, hakuweza kuvumilia, akainama mbele, "Bo..." Mwalimu akamdaka mkono wa koti, akamrudisha kitini. Akamtazama Redio, akasubiri. Alisubiri kwa mwili mzima, na mtoto akamwona anavyosubiri.

"Bo-vu. Koo bovu!" Redio alitabasamu, na ukumbi ukacheka naye. "Ni-li-se-ma sa-na. Si-ku-si-ki-a."

Kule nyuma uso wa msusi ulikuwa umebadilika. Herufi hakuzijua, lakini vidole ndiyo kazi yake, na anajua kidole kinachofanya kazi na kidole kinachocheza. Alikitazama kile kidole kidogo kikichukua kipande, kikakimaliza, kikachukua kingine. Akaweka mkono mdomoni.

"Sa-sa ni-me-si-ki-a wa-to-to."

Kidole kikafika kwenye nukta, kikasimama. Sauti nayo ikasimama hapohapo.

Ukumbi mzima ukangoja amina ili uitike. Redio akageuza karatasi, akaona nyuma ni tupu, akaigeuza tena.

"Mwalimu," alisema, "amina haipo. Hukuiandika."

Watu waliangua kicheko. "Sema tu, mwanangu, sema tu!" mkuu alimhimiza. Redio akatikisa kichwa. Miezi yote alikuwa amesema yasiyoandikwa, akasifiwa kwayo. Leo hakuwa tayari kusema hata moja.

Neno lilikuwa limeshamfikia mwalimu mdomoni. Akalimeza. Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti la mkuu, akapanda jukwaani, akapiga magoti mbele ya mwanafunzi wake, na chini ya nukta akaandika.

Redio akaweka kidole. Hakuwa na haraka.

"A," alisema. "Mi."

Kule nyuma mama yake alikuwa amesimama, kidole chake mwenyewe kiko hewani, kinamfuata.

"Na."