Cheti Kilichoota Mizizi

Barua ilifika Jumatatu saa tatu asubuhi, Mama Miche akiwa ameinama mezani kitaluni na kisu chake kidogo, akipachika jicho la mchungwa kwenye shina la mlimau. Hakuacha. Jicho likishabanduliwa halisubiri mtu asome barua. Alimaliza, akanawa mikono, ndipo akafungua bahasha.

Cheti chake cha utaalamu wa kilimo cha bustani kilikuwa kimebakiza mwezi mmoja. Kihuishwe, barua ilisema, na ili kihuishwe alitakiwa kuonyesha saa thelathini za mafunzo yanayotambulika. Mama Miche alikuwa na saa sifuri. Semina zilifanyika siku za kazi, na kila mwaliko ulipokuja alikwenda mkuu wa idara, kwa kuwa kitalu kisingeweza kubaki bila Mama Miche. Bila mkuu kilibaki vizuri tu.

Bila cheti hakuna saini, na bila saini hakuna mche unaotoka getini. Michungwa elfu nne ilikuwa tayari, mizizi imeanza kuchungulia chini ya viriba vya plastiki. Ikikosa msimu huu, mizizi ingejizungusha humo humo mpaka ijinyonge. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini, na alichohofia hakikuwa cheo. Ilikuwa ile michungwa.

Jioni alikwenda stoo kushusha cheti ukutani, ahakikishe tarehe. Kilikuwa kimetundikwa juu ya sinki miaka yote hiyo, mahali penye unyevu. Alipofungua fremu alikuta karatasi imetoa mizizi mitatu myeupe, myembamba kama uzi. Aliisoma barua upya. Alikuwa amedhani kuhuisha ni neno la ofisini tu.

Alifanya jambo ambalo yeyote wa kazi yake angefanya. Alichanganya mchanga na mboji, akajaza kiriba, akakipanda cheti hadi usawa wa muhuri, akakiweka kivulini.

"Kimeshika?" mumewe, fundi cherehani, aliuliza siku ya nne bila kuacha kukanyaga pedeli.

"Kimeshika. Kimesimama wima."

"Usikimwagilie sana basi. Karatasi ile."

Siku ya tisa lilifunguka jani la kwanza. Mama Miche aliona mishipa imekaa ovyo, akadhani ni ugonjwa, akalisogeza kwenye mwanga. Mishipa ilikuwa imeandika: *Alimwagilia kwa mkono siku kumi na moja, pampu ilipokufa.* La pili: *Alitambua ukungu kwa harufu, kabla haujaonekana.* La tatu lilikuwa dogo kuliko ukucha, nalo lilisema: *Michungwa mia mbili na kumi na miwili. Yote ilishika. Hakuna aliyeuliza.*

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kumbe kuna kitu kilikuwa kinaona. Miaka yote aliyoinama peke yake kati ya matuta, mgongo ukiuma na hakuna wa kumwambia pole, kulikuwa na kitu kinaona na kutunza, na sasa kilikuwa kinatamka kimoja kimoja, kwa kijani. Alilia kidogo, kwa furaha iliyochanganyika na hofu, akafuta machozi kwa kiganja chenye udongo. Hadi mwisho wa wiki ya pili majani yalikuwa sabini na tatu. Alihamishia mche kwenye chungu, akaupakata, akaupeleka kwenye ofisi iliyoandika barua.

Karani aliinua miwani. "Nakala kivuli unayo, mama?"

Hakuwa nayo. Karani alisogeza chungu dirishani penye jua, akatandika karatasi nyeupe chini yake. Kivuli kikaanguka juu yake, kila neno likisomeka. Akakigonga muhuri, akakitia kwenye faili.

"Haya. Na saa za mafunzo?"

"Soma hayo majani, baba."

Aliyasoma, mengine kwa sauti, kwa heshima kabisa. Lile la ukungu alilisoma mara mbili. "Hii ni kazi, mama," alisema mwishowe. "Kazi nzuri sana. Sisi tunahesabu mafunzo. Uache, kamati itauangalia."

Ofisi haikuwa na nafasi, hivyo mche ukawekwa ukumbini, kulikokuwa na semina, kiti cha mbele, karibu na mwezeshaji. Ulikaa pale siku kumi mfululizo, saa tatu za mafunzo kila siku, zikatimia thelathini. Karatasi ya mahudhurio ilipopita, uliangusha jani moja kwenye mstari wake. Haukuchelewa hata mara moja na haukuchezea simu. Kamati ilisema haijawahi kupata mshiriki makini hivyo.

Mama Miche aliitwa siku mbili kabla ya mwezi kwisha. Cheti kipya kilikuwa tayari, na kwenye nafasi ya jina kulikuwa kumeandikwa *Mche*.

"Mimi je?" aliuliza.

"Wewe ni msaidizi wake," karani alisema kwa upole. "Mche hauna mikono, mama. Utakuhitaji."

Kwenye mche palikuwa na jani jipya. *Mikono iliyoonyeshwa kwenye picha za semina ni ya Mama Miche.* Karani naye alilisoma, akampa Mama Miche daftari asaini kwamba amechukua chungu.

Mkuu wa idara alimpokea mtaalamu mpya kwa adabu, akampa kiti chenye magurudumu. Alipomwuliza kama michungwa iruhusiwe na akakosa jibu, alisema anapenda mtu asiyekurupuka. Mama Miche aliandaa vibali. Mahali pa saini aliandika *Kny.*, akasaini, na chini yake: *Mche, Mtaalamu.* Magari yalipakia tangu asubuhi hadi saa kumi. Michungwa elfu nne ilitoka getini ikitikisa vichwa, na alisimama kuitazama mpaka gari la mwisho lilipokata kona. Nyumbani mumewe alicheka mpaka akakosea mshono. "Mtoto amekuwa bosi wa mama yake!" Mama Miche naye alicheka, kisha akaacha.

Mwaka uliofuata mwaliko wa semina ulikuja kwa jina la Mche. Mama Miche aliubeba mche hadi mlangoni pa ukumbi, na bawabu akaupokea kwa mikono miwili. Viti vilikuwa vya wataalamu, kwa hiyo msaidizi alikaa ngazini, chini ya dirisha lililo wazi. Ndani, mwezeshaji alikuwa akifundisha kufunga utepe kwenye jicho lililopachikwa. Uzungushwe kutoka juu kwenda chini, alisema, na kalamu sitini zikaandika. Mama Miche alijua kwamba ukifungwa hivyo, mvua ya kwanza tu maji yanaingia na jicho linaoza.

"Chini kwenda juu," Mama Miche alisema, si kwa sauti kubwa. Kisha akavuta miguu kumpisha mtaalamu mmoja aliyechelewa, aliyekuwa akikimbilia kusaini mahudhurio.